Daftari la Wiki: Maneno ya Mshipini

KURAMBAZA. Wiki hii nimefungua Wikipedia ya Kiswahili, nikasoma neno “urambazaji” kwenye menyu ya kupitia kurasa, nikafurahi. Kwa mvuvi wa pwani, kurambaza ni kuachia mshipi nyuma ya chombo kinachokwenda, jodari au nguru akifukuze chambo. Ngalawa imerambaza hivyo kwa tanga tangu zamani. Boti za wavuvi wa burudani Watamu na Malindi hurambaza kwa injini. Aliyelichukua neno hilo kulipeleka kwenye kompyuta alijua Kiswahili chake.

SULISULI. Samaki mwenye mdomo kama mkuki, anayewatoa watu Ulaya kuja kumvua kwetu, wengine humwita sulisuli, wengine nduaro. Muulize mwenyeji wa bandari uliyofika, kisha tumia neno lake.

MGONGO WAZI. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960. Viwanda vilipoanza kupeleka minofu ng’ambo, mwananchi akabakiwa na kichwa, mifupa na mkia. Kisumu wakauita mfupa huo mgongo wazi, kama gauni lililoacha mgongo nje. Mwanza wakauita mapanki. Soko la China lilipotaka vifuko vya hewa vya sangara, mabondo nayo yakawa neno la kila mwalo. Ukitaka kujua nani amekula mnofu na nani ameachiwa mfupa, sikiliza misimu ya wavuvi.

NYAVU. Jumapili mtangazaji wa mpira alipaza sauti: mshambuliaji “amezifumania nyavu”! Hata asiyewahi kupanda dau hutumia mali ya mvuvi kusimulia furaha yake.

CHUBWI. Nina hofu moja. Kijana hutazama upepo kwenye simu, na ni vyema. Lakini babu yake alihesabu siku za mwezi, akajua lini ni bamvua, maji yakijaa na kupwa kwa nguvu, na lini ni maji mafu, mkondo ukilegea na chubwi kuizamisha ndoano pasipo kusukwasukwa. Bamvua, maji mafu, chubwi: kila neno hapo ni somo zima la bahari, na likisahauliwa, somo huondoka nalo.

Msomaji, ukiwa na mzee mvuvi nyumbani, kaa naye jioni moja. Muulize majina ya pepo, ya maji, ya mishipi na ya samaki. Yaandike, pamoja na maana alizokupa.