Bomu Limeondoka, Seng'enge Imebaki

Yako mambo ambayo mtu akiyasikia mara ya kwanza hudhani ni habari njema, mpaka akae chini ayapime. Mojawapo ni habari ya kisiwa cha Vieques. Tarehe 1 Mei 2003 kambi kubwa ya jeshi la majini la Marekani ilifungwa katika kisiwa hicho, na ardhi yake ikafanywa hifadhi ya ndege, kasa na nguva. Nani asiyefurahi? Palipokuwa na mzinga sasa pana kiota. Lakini sisi twauliza swali moja, na twawaomba wanachama waulize pamoja nasi: nani aliyekata shauri hilo?

Kwanza tukieleze kisiwa chenyewe, maana si wengi wetu wanaokijua. Vieques ni kisiwa kidogo mashariki ya Puerto Rico, katika bahari ya Karibi. Wenyeji wake walikuwa wapatao 9,000 katika hesabu ya mwaka 2000, na wengi wao ni wazao wa watumwa na vibarua waliolima miwa. Marekani iliinyang'anya Hispania nchi ya Puerto Rico mwaka 1898, na tangu siku hiyo haijaiacha. Wenyeji walipewa uraia wa Marekani mwaka 1917, lakini waishio huko hawapigi kura ya kumchagua Rais wa Marekani, na katika Bunge la Washington wana mjumbe mmoja tu, ambaye hana kura ya mwisho inapopitishwa sheria. Uraia gani huo? Ni uraia wa kuitwa vitani bila kuitwa barazani.

Kuanzia mwaka 1941 jeshi la majini lilitwaa eka zipatazo 26,000 katika eka 33,000 za kisiwa. Vibarua wengi walikuwa wamejenga katika ardhi ya matajiri wa miwa, hawakuwa na hati yo yote. Tajiri alilipwa, kibarua aliambiwa ahame. Wakasukumwa katikati ya kisiwa kama samaki ndani ya dema. Magharibi yao paliwekwa maghala ya risasi na mabomu. Mashariki yao palifanywa uwanja wa shabaha, ambako manowari na ndege zilijifunza kupiga. Mambo hayo yaliendelea kwa miaka 60.

Wenyeji hawakukaa kimya. Mwaka 1978 wavuvi waliingia na mashua zao mbele ya manowari, wakazuia mazoezi ya vita. Serikali ya Puerto Rico nayo ilikwenda mahakamani, na mwaka 1983 jeshi likatia sahihi mapatano, likiahidi kutunza misitu, wanyama na bahari na kuleta kazi. Tuyaandike maneno hayo mioyoni: mtu anayepiga mabomu aliahidi kutunza wanyama! Mabomu yakaendelea miaka 20 mingine. Ukienda leo utaona mashimo yake katika ardhi ya mashariki, na matumbawe ya bahari yaliyovunjika.

Halafu ikaja tarehe 19 Aprili 1999. Ndege ya vita ilikosa shabaha, ikaangusha mabomu mawili ya ratili 500 kila moja karibu na kituo cha walinzi. Akafa David Sanes Rodríguez, mwenyeji wa Vieques, mlinzi asiye askari. Hapo kisiwa chote kikasimama. Wavuvi, mapadre, walimu, wanawake na wanafunzi waliingia katika uwanja wa shabaha wenyewe, wakajenga vibanda na kulala humo, wakasema: pigeni sasa. Walikaa zaidi ya mwaka mmoja, mpaka tarehe 4 Mei 2000 walipotolewa kwa nguvu. Watu zaidi ya elfu walikamatwa katika vita hivyo visivyo na silaha. Katika kura ya wenyeji ya Julai 2001, watu 68 katika kila 100 walisema jeshi liondoke mara moja. Na liliondoka. Huo ni ushindi mkubwa wa watu wadogo, na twawapongeza.

Sasa twarudi kwenye swali letu. Wakati wenyeji wanalala juu ya mabomu, wakuu wa Washington walikuwa wanaandika sheria. Sheria zilizopitishwa mwaka 2000 na 2001 zilikwisha amua kwamba ardhi ya mashariki itapewa idara ya serikali ya Marekani inayosimamia wanyama wa porini. Eka 900 za ncha ya kisiwa, ndizo zile zilizopigwa mabomu kuliko zote, zikatangazwa kuwa pori la asili, marufuku mtu kuingia. Pori la asili! Mahali palipolimwa kwa chuma na moto kwa miaka mingi pamepewa jina la mahali pasipoguswa na mkono wa binadamu.

Tufanye hesabu, nayo hata mtoto wa darasa la nne ataiweza. Jeshi lilipoondoka magharibi mwaka 2001, halmashauri ya Vieques ilipewa eka zipatazo 4,200. Hifadhi ya wanyama, magharibi na mashariki pamoja, ni eka zaidi ya 17,000. Yaani zaidi ya nusu ya kisiwa bado iko mikononi mwa serikali ile ile iliyoitwaa. Aliyekuwa akilinda mlango kwa bunduki ameondoka. Amekuja mwingine mwenye kofia ya bwana nyama. Seng'enge ni ile ile.

Wako watakaosema: "Ninyi watu wa siasa mnachukia wanyama." Hatuchukii. Wako pia ndugu zetu katika chama wasemao kwamba kasa na ndege ni mambo ya wageni wenye kamera, hayatuhusu. Hao twawaambia kwamba wamekosea. Kasa na ng'amba wanaopanda pwani ya Vieques kutaga mayai ni mali ya mvuvi kabla hawajawa mali ya mtalii. Mikoko ni malezi ya samaki. Liko huko ghuba ambalo maji yake huwaka usiku ukiyapiga kasia, na sifa yake imeenea duniani. Likichafuliwa, atakayekosa riziki ni mwenyeji wa Vieques, si mtu wa Washington. Mwenyeji ndiye mwenye sababu kubwa kuliko wote ya kuwatunza wanyama hao. Kwa nini basi awe wa mwisho kuulizwa?

Na liko jambo jingine ambalo halisemwi sana. Kazi ya kusafisha ardhi iliyopigwa mabomu hupimwa kwa matumizi yatakayofuata. Ikisemwa kwamba watu watajenga na kulima, hapana budi kuchimbua chini na kutoa kila kitu. Ikisemwa kwamba ni ya wanyama tu, kazi hupungua, na gharama hupungua. Kasa hawezi kumshitaki mtu. Mwari hawezi kuandika barua kudai fidia. Kwa hiyo twaona kwamba neno zuri la "hifadhi" laweza kumpunguzia deni yule aliyechafua. Mwaka 2005 serikali ya Marekani yenyewe iliiweka Vieques katika orodha ya mahali pachafu kuliko pote panapotakiwa kusafishwa. Mwaka 2021 wakaguzi wa Bunge lao walisema kazi hiyo ilitazamiwa kuendelea mpaka kama mwaka 2032. Tena mabomu mengi yaliyopatikana yamelipuliwa pale pale hewani, na wenyeji wamelalamika kwa sababu moshi huwafikia majumbani. Jeshi limekwenda, mlipuko umebaki.

Lakini tusiwe watu wa kusema upande mmoja. Liko neno la haki linalosemwa na wanaoitetea hifadhi: kama seng'enge ikiondolewa tu, bila mpango, matajiri wa mahoteli watanunua pwani yote, na mvuvi atafukuzwa mara ya pili, safari hii kwa fedha badala ya mizinga. Neno hilo ni kweli, na hatulidharau. Ila dawa yake si kumfungia mwenyeji nje. Dawa ni kumpa mwenyeji ardhi kwa sheria isiyoruhusu kuuzwa. Puerto Rico wanajua jinsi ya kufanya hivyo: katika mji wa San Juan, watu maskini wa mitaa ya kando ya mfereji wa Martín Peña wanamiliki ardhi yao kwa pamoja chini ya sheria ya mwaka 2004, na hakuna awezaye kuichukua kipande kipande. Yaliyowezekana mjini kwa nini yasiwezekane kisiwani?

Wazee wetu husema kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Kamati ya wananchi wa Vieques ilidai mambo manne tangu mwanzo: jeshi liondoke, ardhi isafishwe, ardhi irudishwe, na kisha yaje maendeleo ya wenyewe. La kwanza limetimia. La pili linakwenda polepole. La tatu limetimia kidogo tu, na la nne haliwezi kuja bila la tatu. Twaunga mkono madai hayo yote, nasi twaongeza yetu juu ya wanyama. Mpaka wa mahali pa kasa na mahali pa watu uwekwe na baraza la wenyeji wenyewe, wakisaidiwa na wataalamu, si wataalamu wakisaidiwa na askari. Mabomu yatolewe mpaka mtoto aweze kutembea, hata kama mwishowe wenyeji watapenda pwani hiyo iwe ya kasa peke yao. Wakichagua hivyo, itakuwa hifadhi kweli kweli, kwa sababu watailinda wao.

Atauliza mtu: "Hayo ya Karibi yanatuhusu nini?" Yanatuhusu. Mwezi Agosti 1972, Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ukoloni ilitamka kwamba watu wa Puerto Rico wana haki ya kujitawala na kuwa huru. Mwenyekiti wa Kamati hiyo wakati ule alikuwa mtoto wa nchi hii, Salim Ahmed Salim. Jina letu liko katika shauri hilo. Na baadaye Kamati hiyo hiyo imedai mara nyingi kwamba ardhi ya Vieques isafishwe na irudishwe kwa wenyewe. Tuliyoyaanza hatuna budi kuyafuata.

Basi kila mwanachama akisoma kwamba mahali fulani kambi ya jeshi imefungwa na wanyama wamepewa nafasi, asipige makofi upesi. Aulize ni nani waliokaa barazani siku ya kukata shauri, na kama aliyefukuzwa pale alikuwapo. Kama hakuwapo, kazi ya uhuru bado haijakwisha. Kasa hurudi kutaga katika pwani ile ile alikozaliwa, wala hakuna anayemwuliza hati. Twataka mtu wa Vieques naye arudi hivyo.