Mtaa Bila Kivuli

Jina la Ruiru limeenea katika mashamba ya kahawa kote nchini. Mwaka 1985 kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko huko kilitoa aina iitwayo Ruiru 11, inayostahimili ugonjwa wa buni na kutu ya majani. Ajabu ni kwamba huko huko Ruiru mibuni inang'olewa ili ploti zipimwe, hasa tangu barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kukamilika mwaka 2012.

Hatupingi ujenzi, kwani watu wahitaji makao. Tunachokipinga ni imani kwamba mji na miti havikai pamoja. Section 9 mjini Thika yatosha kuwa ushahidi: nyumba zimo, na miti mikubwa imo.

Mtaa, kwa maana tuijuayo wanakiswahili, ni ujirani wala si safu za nyumba tu; na ujirani huhitaji kivuli cha kukutania. Serikali ya Kaunti ya Kiambu na itoe sharti: shamba lisigawanywe pasipo kubakiza miti na uwanja wa wote. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.