Sahani ya Bibi Ina Mwenyewe

Nimeiona sahani ya bibi yangu kwenye intaneti, katika hifadhi ya picha ya maktaba ya chuo kikuu kimoja cha ng'ambo. Chini yake pameandikwa: "Sahani ya Kichina, Mombasa." Basi! Nimeijua kwa ule ufa wake. Waliokuja Mji wa Kale kuipiga picha tuliwakaribisha kahawa, wakauliza ni ya karne ya ngapi, ya wafalme gani. Jina la mwenye sahani hawakuuliza.

Jamani, si jambo dogo. Kila chombo cha Kichina kikionekana pwani, tunasimuliwa habari za waliokileta: mara Zheng He na merikebu zake, mara twiga aliyetoka Malindi mwaka 1415 kupelekwa kwa mfalme wa Ming. Sawa. Lakini Manda na Shanga vimefukuliwa vigae vya Kichina vya karne ya 9, miaka 500 kabla ya huyo Zheng He. Kuna mtu huku alikuwa akinunua, akichagua. Kule Mambrui kuna kaburi la nguzo lililopachikwa mabakuli ya Kichina. Aliyeyapachika ni fundi wa hapa, akimtukuza maiti wa hapa.

Sahani ya bibi nayo haikukaa tu kwenye zidaka. Maalim aliandikia kombe humo: aya kwa zafarani, zikaoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa. Mimi mwenyewe nimelinywa, nikiwa mdogo, naugua surua. Hayo hifadhini hayamo, na bila hayo picha ile ni ya sahani yoyote, ya popote.

Nasi tuna lawama. Tunavitoa vyombo hivi kabatini tukawauzia wageni bila hata kuandika vilikuwa vya nani, halafu tunaenda Fort Jesus kutazama vingine nyuma ya kioo. Wazee wanaojua wanapungua. Simu tunazo mikononi. Hebu leo kaa na bibi yako, mrekodi.

Mimi nimeiandikia maktaba ile, nimewapa jina la bibi, la babake na la mtaa wake. Hapa silitaji, nataka waliandike wao. Wasipojibu nitaandika tena. Kila Ijumaa nikienda kumwamkia, bibi ananiuliza: "Wameshaandika?"