Wodi za zamani zilikuwa na madirisha, keja zetu je?

Ukishuka kutoka Embu mjini hadi Ishiara, kitu cha kwanza kukupokea ni joto. Watu hawakai ndani. Mzee ako chini ya mti, mama ako nje ya duka, hata vijana wa muguka wanatafuna barazani. Hakuna mzungu angejenga sanatoria hapa. Hizo ziliwekwa kwenye baridi, juu mlimani, kama Kibong'oto kule Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu.

TB haikuwa na dawa wakati huo. Robert Koch alishatambua kijidudu chake tangu 1882, lakini daktari bado alikuwa na kitanda, chakula, mapumziko na hewa tu. Kwa hivyo jengo lenyewe ndilo lilikuwa matibabu. Kule Paimio, Finland, sanatoria iliyofunguliwa 1933, msanifu Alvar Aalto aliwapa wagonjwa roshani za kuota jua, akabuni mpaka kiti ambacho mgongo wake umelala kiasi cha kumsaidia mtu kupumua. Hebu fikiria: kiti!

Halafu dawa zikaja, kuanzia streptomycin iliyogunduliwa 1943. Mwaka 1956 watafiti kule Madras, India, wakawagawa wagonjwa: wengine walazwe sanatoria, wengine wameze dawa zile zile wakiwa kwao, kwenye vyumba vya kimaskini vilivyojaa watu. Matokeo yalipotoka 1959, wa nyumbani walikuwa wamepona karibu sawa na wa sanatoria. Majengo yale yakaanza kufungwa dunia nzima. Kibong'oto ilinusurika, leo ni hospitali ya magonjwa ambukizi, na tangu 2009 inatibu TB sugu, ile isiyosikia dawa za kawaida.

Sasa hapa ndipo naona tulijichanganya. Dawa ilipopatikana, tukaona dirisha halina kazi tena. Niliacha chuo kabla ya kumaliza, sijidai daktari, lakini kuna utafiti mmoja wa Lima, Peru, uliochapishwa 2007, ambao kila landilodi angesomewa kwa sauti. Walipima hewa katika vyumba 70 vya hospitali 8. Wodi za kabla ya 1950, zile za dari ndefu na madirisha makubwa, zilipitisha hewa vizuri kuliko vyumba vipya vyenye mashine za kupitisha hewa. Wakakadiria kwamba mtu akikaa saa 24 na wagonjwa wa TB ambao hawajaanza dawa, hatari ya kuambukizwa kwenye wodi kuukuu ni asilimia 11. Kwenye vyumba vya mashine, asilimia 39.

Rudi sasa kwa keja yako. Dirisha linaangalia ukuta wa ploti ya jirani, ama linafungukia korido. Saa sita mchana unawasha taa ndio uone sufuria. Mko wanne, mmoja anakohoa tangu mwezi uliopita na anasema ni vumbi. Dawa humsaidia aliyepimwa. Huyu bado hajapimwa, na hewa anayotoa ndiyo mnayovuta usiku kucha.

Najua jibu la landilodi: nafasi ni pesa, na uwazi kati ya majengo hauleti kodi. Ni kweli, hauleti. Lakini mwenye kulipa gharama ya kuuziba ni mpangaji, tena kwa mapafu yake. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ploti za aina hii zinaweza kufika popote, hata Ishiara, mahali ambapo upepo ni wa bure na ardhi haijabanana kama Pipeline. Tukijenga vyumba visivyo na jua huko, tutakuwa tumeiga ugonjwa wa Nairobi kwa hiari. Afisa wa kaunti akiletewa ramani ambayo chumba cha kulala hakina dirisha la kufungukia nje, airudishe. Hakuna haja ya kuunda kamati.

Na huyo rafiki yako wa vumbi, kama amekohoa wiki mbili na zaidi, mpeleke hospitali ya umma iliyo karibu, hata hiyo ya Ishiara mkiwa ushago. Dawa za TB ni bure, kwa kawaida ni za miezi 6. Mkitoka hapo, fungueni hilo dirisha, kama mnalo.