Mtoto na Hadithi Asomayo Peke Yake

Mwezi huu nataka kusema nanyi juu ya watoto wa darasa la tano, la sita na la saba, ambao wamekwisha kuzijua herufi, wala hawana haja ya kushikwa mkono katika silabi. Mzazi humpa mtoto wa namna hii kitabu, naye akasoma kwa sauti bila kukwama, na wote waliopo barazani wakafurahi. Kisha mwulizeni habari ya yale aliyoyasoma. Atawatazama tu. Sauti yake imesoma, mwenyewe hakusoma. Naye atakua, na siku moja ataletewa hati ya shamba au ya mkopo atie sahihi, ataisoma vilevile, kwa sauti nzuri.

Dawa yake ni hadithi fupi, tena aisome peke yake. Nasema fupi kwa sababu aweza kuimaliza kwa kikao kimoja, akairudia kesho yake asichoke. Mimi hupenda kuanza na Kisa cha Punda wa Dobi. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa Askofu, alikiandika kutoka vinywani mwa watu wa huko, akakichapisha London mwaka 1870 pamoja na ngano nyingine. Lakini asili yake ni mbali zaidi. Kisa hiki kimo katika Panchatantra ya Bara Hindi, na katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu, katika kitabu cha Kalila na Dimna. Kwa Wahindi mnyama wa majini ni mamba, kwa Waarabu ni kobe, na kilipofika Unguja akawa papa. Basi bibi wa hapa Pangani akimsimulia mjukuu wake kwa mamba wa mto wetu, mtoto asimwambie kwamba amekosea.

Habari yenyewe ni hii. Kima na papa wamefanya urafiki chini ya mkuyu ulioinamia bahari, kima akimtupia mwenziwe makuyu kila siku. Papa anamwalika kwao, ampe malipo ya wema wake, naye kima anapanda mgongoni. Wakifika katikati ya maji, papa anamwambia kweli: Sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba moyo wake ameuacha mtini, basi warudi wakauchukue. Akiisha kupanda mtini hashuki tena, na papa akimwita, anamsimulia kisa cha pili, cha punda wa dobi aliyepelekwa kwa simba na sungura. Punda alipigwa akakimbia, kisha akadanganywa akarudi, akauawa. Sungura akala moyo na masikio. Simba alipovitaka, akaambiwa kwamba punda yule hakuwa navyo, maana angalikuwa navyo asingalirudi.

Sasa mtoto aongozweje? Kabla hajafungua kitabu, mwambieni maana ya neno moja au mawili tu. Dobi ni neno la kuelezwa, kwa kuwa watoto wengi wa leo hawakupata kumwona mtu aliyefanya kazi ya kufua nguo za watu kwa ujira akiwa na punda wa kuzibeba. Mkuyu wanaujua. Kisha mwacheni asome kimya. Waswahili husema kusoma kimoyomoyo, na naona neno hili limemfaa kima wetu kuliko mtu yeyote.

Mahali pamoja tu nawasimamisha, pale papa anapotoboa siri yake. Hapo hufunika ukurasa kwa karatasi, kila mmoja aandike mstari mmoja: kima atafanya nini? Siwaambii nani amepata. Huwauliza jambo jingine: kwa nini papa alisema kweli pale, wala hakuisema chini ya mti? Watoto wa Pangani hawapati taabu na swali hili. Mtu akiambiwa katikati ya mto kwamba nauli ya mtumbwi wa kwenda Bweni imeongezeka, hana pa kushuka. Lakini msichana mmoja alisema kwamba papa aliona haya kumwua rafiki bila kumwambia. Wenziwe wakamcheka. Nikawauliza ni neno gani kitabuni linalokataa jambo hilo, wakalitafuta wasilione. Jibu la yule msichana likasimama pamoja na lao.

Hii ndiyo kanuni ninayoishika: swali limrudishe mtoto kwenye ukurasa. Akijibu, aweke kidole juu ya neno. Swali la kuuliza mafunzo ya hadithi ni nini halimrudishi popote, maana jibu lake amelisikia tangu utoto, nalo lafaa kwa hadithi yoyote. Mwalimu akitangulia kusema mafunzo, kazi imekwisha na kitabu kimefungwa. Hata wakubwa huponzwa hivyo. Huko Kenya kitabu cha Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, kilichohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda, kilisomwa katika shule za sekondari kwa ajili ya mtihani, na vitabu vya namna hii hufuatwa na miongozo inayoeleza maudhui yote. Mwanafunzi mvivu huhifadhi mwongozo, na hadithi hazigusi. Na kwetu Tanganyika ya zamani, yaani Tanzania bara ya leo, miongozo haipungui madukani.

Katika kusoma mara ya pili, mtoto ashike kalamu ya risasi, apige mstari chini ya neno moyo kila alionapo. Msimwambie sababu. Kwanza ataliona kama nyama, dawa ya Sultani. Tena ataliona kama udhuru wa kima. Mwisho ataliona kwa punda, na hapo si nyama tena, ni akili ya mtu aliyeonywa mara moja akasikia. Ndiyo maana masikio yametajwa pamoja nao. Wengine huona siku ile ile, wengine baada ya wiki, wakaja mbio. Nawaombeni wazazi, msilisemee jambo hili mezani kabla mtoto hajalikuta, hata kama mnaona anakawia.

Swali gumu kuliko yote ni la kisa kilicho ndani ya kisa: katika habari ya bahari, nani ni punda, nani sungura, nani simba? Wengi hudhani papa ni simba kwa sababu ya meno yake. Wapeni muda.

Wakimaliza haya, wapeni nusu ukurasa waandike jambo ambalo hadithi haikulisema: papa aliporudi mikono mitupu, alimwambia Sultani nini? Mtoto asiyeelewa ataandika mistari miwili akachoka. Aliyeelewa ataomba karatasi nyingine, tena yafaa mwe nayo tayari.