Kiingilio shambani: Faida ya haraka, hatari kwa mavuno

MKULIMA wa alizeti amezoea kuuza mbegu baada ya mavuno. Huko Marekani na Kanada, baadhi ya familia huuza pia kiingilio wakati wa kiangazi: mgeni hulipa, huingia shambani na kupiga picha maua yakiwa yamechanua.

Kinachovutia ni kwamba fedha huingia kabla ya kuvuna. Tatizo ni muda. Shamba lililopandwa kwa wakati mmoja huchanua kwa wiki chache tu, hivyo wageni hufika kwa mkupuo.

Julai 2018, familia moja inayozalisha mbegu karibu na Hamilton, jimbo la Ontario, Kanada, ilitoza dola 7.50 za nchi hiyo kwa mtu mzima. Picha zikasambaa kwenye mtandao. Jumamosi ya Julai 28, polisi walikadiria magari 7,000. Barabara zikaziba, na familia ikalazimika kufunga shamba kwa wageni.

Ikumbukwe kuwa ua analopigia picha mgeni ndilo lenye mbegu za kuuza. Likivunjwa, mavuno yamepungua.

Anayetaka kujaribu biashara hii atenge kipande cha wageni mbali na shamba la mavuno, akipande kwa awamu ili maua yapishane, na aweke kikomo cha tiketi kwa siku. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pasipo mpango, mwenyeji ndiye huumia.