Mizizi ya Meno Yetu na Ahadi ya Mwaka wa 2030

Mwishoni mwa mwezi wa Novemba 2024, wajumbe wa serikali nyingi walikutana mjini Bangkok, kwa wito wa Shirika la Afya Duniani, wakazungumza juu ya jambo ambalo kwa miaka mingi halikuhesabiwa kuwa la kuwakutanisha wakubwa, nalo ni meno ya wananchi. Mkutano huo ulitanguliwa na mkakati uliopitishwa mjini Geneva mwezi wa Mei 2022, na mpango wa utekelezaji uliofuata mwaka wa 2023. Shabaha yake kuu ni kwamba ifikapo mwaka wa 2030, watu 80 katika kila watu 100 duniani wawe na haki ya kupata huduma za lazima za kinywa na meno.

Ahadi hiyo ni njema, nasi twaipokea kwa mikono miwili. Lakini ahadi hupimwa kwa matendo, na sisi tungependa kuipima kwa kipimo kimoja tu, yaani jino moja lililooza mpaka kwenye mzizi. Mwananchi afikapo hospitali na jino la namna hiyo, atendewe nini? Kwa walio wengi katika nchi zetu jibu ni moja: ling'olewe. Kwa mwenye fedha lipo jibu la pili: mzizi usafishwe, vijidudu viuawe, jino libaki mahali pake. Tutaonyesha kwamba tofauti baina ya majibu hayo mawili haitokani na uhaba wa dawa fulani ya ajabu. Inatokana na jinsi tulivyozipanga huduma zetu.

Ugonjwa wenyewe

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe. Jino si jiwe. Ndani yake mna kiini, nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, inayoteremka mpaka ncha ya mzizi kwa kupitia mfereji mwembamba sana. Uozo unapotoboa jino na kufika ndani, vijidudu vya kinywani huingia katika kiini, nacho hufa. Hapo maumivu huweza hata kutulia, na mgonjwa akadhani amepona. Kumbe mfereji umegeuka kuwa pango la vijidudu, na sumu yake huvuja kwenye ncha ya mzizi, ikala mfupa wa taya na kuleta usaha na uvimbe. Mara nyingine maradhi huteremka chini ya ulimi na shingoni, yakaziba njia ya pumzi. Watu wamekufa kwa jino.

Wataalamu hawakulifahamu jambo hili kwa siku moja. Mwaka wa 1890 Mmarekani Willoughby Miller, aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba kinywa kimejaa vijidudu na kwamba vijidudu hivyo ndivyo vinavyoozesha meno. Mwaka wa 1910 tabibu wa Kiingereza, William Hunter, alihutubia mjini Montreal akiyalaumu meno mabovu, na ufundi mbaya wa kuyafunika, kuwa chanzo cha magonjwa mengi ya mwili. Hotuba hiyo ilichangia kuzusha hofu kubwa. Kwa miaka mingi baadaye, Marekani na Ulaya, meno mengi mno yaling'olewa kwa dhana tu, pamoja na mengi ambayo yangeweza kuponywa.

Ushahidi wa kukata shauri ulipatikana baadaye. Mwaka wa 1965 watafiti wa Marekani walitoboa meno ya panya wa aina mbili: panya wa kawaida, na panya waliolelewa mahali pasipo na kijidudu hata kimoja. Viini vya meno ya panya wa kawaida vilioza na kufa, lakini vya wale wengine vilianza kupona vyenyewe, ingawa chakula kilijaa katika matundu. Mwaka wa 1976 mtafiti wa Sweden, Göran Sundqvist, alichunguza meno ya watu yaliyokufa kwa kugongwa bila kutoboka. Vijidudu alivikuta katika yale ambayo mfupa wake ulikuwa umeliwa, wala si katika yale ambayo mfupa wake ulikuwa mzima. Basi ikadhihirika kwamba adui si jino lililokufa, bali ni vijidudu vilivyomo ndani yake. Vijidudu vikiondolewa na mlango ukafungwa, mfupa hurudi na jino hutumika kwa miaka mingi.

Vidonge havifiki

Hapa hapana budi tuseme neno juu ya desturi iliyoenea mijini na vijijini. Mtu akiumwa jino, hukimbilia duka la dawa akanunua vidonge vya kuua vijidudu, kama amoksilini, pengine vinne au vitano tu kwa kadiri ya fedha alizo nazo mfukoni. Maumivu yakipungua husema dawa imefanya kazi.

Ukweli ni kwamba dawa inayomezwa husafirishwa na damu, na katika jino ambalo kiini chake kimekufa, damu haipiti tena. Dawa huzunguka mwili mzima, ikafika mpaka nje ya mzizi, lakini ndani ya pango lenyewe haiingii. Ndiyo maana uvimbe hurudi baada ya wiki au miezi. Mwaka wa 2019 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitoa mwongozo unaowataka madaktari wasitoe vidonge hivyo kwa watu wazima wenye afya njema kwa maumivu mengi ya aina hii, iwapo matibabu ya jino lenyewe yaweza kupatikana. Vidonge vina mahali pake, hasa pale ambapo mgonjwa ana homa au uvimbe unaoenea. Lakini kuvimeza ovyo ni kuvifundisha vijidudu ukaidi. Katika mwaka huo huo wa 2019, watafiti walikadiria kwamba watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya vijidudu visivyosikia dawa. Basi jino lisilotibiwa si shida ya mwenye jino peke yake.

Dawa ni rahisi, kazi ni ghali

Ni dawa gani basi inayosafisha mzizi? Msomaji huenda akashangaa. Dawa inayotegemewa zaidi na madaktari wa meno ulimwenguni ni hipokloraiti ya sodiamu, yaani ile ile dawa ya klorini ambayo akina mama huitumia kung'arishia nguo nyeupe, ikiwa imepimwa na kutayarishwa kwa kazi ya tiba. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka wa 1915, mkemia Henry Dakin na daktari wa upasuaji Alexis Carrel waliitumia huko Ufaransa kuoshea majeraha ya askari, ikiwa na nguvu ya nusu ya asilimia moja tu. Dawa hii huua vijidudu, na zaidi ya hapo huyeyusha nyama iliyooza, jambo ambalo dawa nyingi haziwezi.

Watafiti wa Sweden walilipima jambo hili mnamo miaka ya 1980. Walipoikwangua mifereji na kuiosha kwa maji ya chumvi peke yake, vijidudu vilipungua sana, lakini katika baadhi ya meno havikwisha hata baada ya kazi kurudiwa. Walipotumia hipokloraiti ya nusu ya asilimia, matokeo yalikuwa bora zaidi. Walipoujaza mfereji kwa uji wa haidroksaidi ya kalisi, uliojulikana tangu mwaka wa 1920, na kuuacha humo kwa muda kabla ya kuziba, vijidudu vilivyosalia viliangamia kwa sehemu kubwa. Dawa zote hizo mbili ni za bei nafuu.

Lakini tusijidanganye. Chupa ya klorini peke yake haitibu jino, na ole wake atakayejaribu kuitia kinywani mwake nyumbani, maana huunguza. Hata mikononi mwa daktari, ikisukumwa kwa nguvu ikapita ncha ya mzizi, huleta uvimbe na maumivu makali. Kwa hiyo kazi hii ina masharti. Yahitajika ganzi. Yahitajika picha ya eksirei ili kujua urefu na umbo la mzizi. Yahitajika utando wa mpira wa kulizingira jino, ili mate yasiingize vijidudu vipya na dawa isimwagikie kooni. Utando huo si anasa ya jana, kwani ulianza kutumiwa huko Marekani mwaka wa 1864. Yahitajika vitupa vyembamba kama sindano vya kupanua mfereji, navyo visafishwe katika chombo cha mvuke kabla ya kumgusa mgonjwa mwingine. Hatimaye mfereji huzibwa, na jino hufunikwa imara.

Zaidi ya vyote, yahitajika saa. Gego la chini kwa kawaida lina mifereji mitatu au zaidi, na kila mmoja hukwanguliwa na kuoshwa peke yake, mara kwa mara, bila haraka. Katika muda huo huo daktari angeweza kung'oa meno ya wagonjwa kadhaa. Na hapo ndipo kilipo kiini cha tatizo letu.

Hesabu ya mikono

Takwimu za Shirika la Afya Duniani za miaka ya 2014 hadi 2019 zilionyesha kwamba eneo la Afrika lilikuwa na daktari mmoja tu wa meno kwa watu wapatao 30,000, yaani sehemu moja ya kumi ya wastani wa dunia. Chuo Kikuu cha Makerere kimekuwa kikifundisha madaktari wa meno tangu miaka ya 1980, na maafisa wa meno hupangiwa kazi katika vituo vya afya vya daraja la nne. Ada za wagonjwa katika hospitali za serikali zilifutwa mwaka wa 2001, isipokuwa katika vyumba vya kulipia. Hayo ni mambo ya kujivunia. Lakini afisa mwenye koleo na ganzi peke yake, na foleni ndefu mlangoni, atafanya nini isipokuwa kung'oa? Si haki kumlaumu. Yeye huondoa maumivu na huokoa maisha kwa vyombo alivyopewa.

Aidha, tusiseme kwamba kung'oa ni kosa siku zote. Jino lililopasuka mpaka mzizini, au ambalo limebaki kishina tu, halina budi kutolewa. Na mzizi uliosafishwa nusu nusu, ukaachwa wazi kwa sababu mgonjwa hana nauli ya kurudi, ni hatari kuliko pengo. Tunachokataa ni kijana wa miaka 16, mwenye jino la mbele lenye mzizi mmoja tu ulionyooka, kung'olewa jino hilo kwa sababu tu kituo hakina picha wala vitupa. Kijana huyo ataficha mdomo acheka, na huenda akaificha nafsi yake pia mbele ya mwajiri.

Lifanyike nini

Maoni yetu ni kwamba kazi ianze pale inapowezekana. Kwanza, hospitali za wilaya zipewe vifaa vya kutibia meno ya mbele yenye mzizi mmoja. Hiyo ndiyo kazi iliyo nyepesi na yenye faida kubwa, na maafisa waliopo waweza kuongezewa mafunzo wakaifanya chini ya usimamizi wa daktari. Magego yenye mifereji mingi yapelekwe hospitali za rufaa.

Pili, uozo ukomeshwe kabla haujafika mzizini. Hapa hatuna haja ya kwenda mbali. Katikati ya miaka ya 1980, kwa jirani zetu Tanzania, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianza kujaribu njia ya kuziba meno kwa vyombo vya mkono tu, bila mashine wala umeme: palipooza hukwanguliwa, na tundu huzibwa kwa saruji ya meno. Njia hiyo imeenea duniani. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani liliitia saruji ya aina hiyo, pamoja na dawa ya mswaki yenye floridi, katika orodha yake ya dawa za lazima. Tundu lililozibwa mapema chini ya mwembe wa shule ni mfereji mmoja ambao hautahitaji kusafishwa kamwe.

Tatu, wauza dawa wasimamiwe, na wananchi waelimishwe kwamba maumivu yaliyonyamaza si ugonjwa uliokwisha.

Wazee wetu walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Walijua kwamba kitu cha kuazima hakikamilishi nafasi ya kile tulichozaliwa nacho. Mwaka wa 2030 hauko mbali. Utakapofika, haitatosha kusomewa hesabu ya wananchi walioandikiwa haki ya huduma. Tutauliza ni wangapi walioingia chumba cha meno na jino bovu, wakatoka nalo likiwa zima.